Toyota 86 au Subaru BRZ: nilivyochagua nikiwa Mbeya

Mtu anayetaka gari dogo la michezo lenye milango miwili, gia za mkono, injini mbele na msukumo kwenye magurudumu ya nyuma, na ambaye mfuko wake unamruhusu kuagiza gari la mtumba kutoka Japani lakini si zaidi ya hapo, hatimaye hujikuta mbele ya magari mawili ambayo kwa sehemu kubwa ni gari moja: Toyota 86 na Subaru BRZ. Nimekaa na swali hilo kwa muda mrefu hapa Mbeya. Nimeyaendesha yote mawili, nimebishana na mafundi wa Mwanjelwa, na nimebishana zaidi na rafiki yangu wa Iringa ambaye anamiliki 86 na haoni kwa nini mtu ahangaike na jingine. Nimechagua BRZ, na sababu iliyonielemeza huko imetoka kwenye barabara za nyanda za juu kusini kuliko kwenye magari yenyewe, kwa hiyo msomaji wa Dodoma au Tanga anaweza kuzipima hoja zangu zote akafika kwenye jibu lililo kinyume na langu bila ya mmoja wetu kukosea.

Undugu wa magari haya ni wa damu. Toyota ilinunua sehemu ya hisa za Fuji Heavy Industries, kampuni iliyokuwa ikitengeneza Subaru, mwaka 2005, ikaziongeza mwaka 2008, na gari hili ni zao la ushirikiano huo. Gari la mfano lililoitwa FT-86 lilioneshwa Tokyo mwaka 2009, na magari yenyewe yakaanza kuuzwa Japani mwaka 2012, yote mawili yakitoka katika kiwanda kimoja cha Subaru kilichopo Ota, mkoani Gunma. Injini ni ya Subaru, ya aina ya boksa, ambayo pistoni zake nne zimelala ubavu, mbili upande huu na mbili upande ule, ili uzito ukae chini karibu na lami. Mfumo wa kuingiza petroli, unaopuliza ndani ya silinda na pia kwenye njia ya hewa kabla ya valvu, ni wa Toyota na unaitwa D-4S. Ukifungua boneti utayakuta majina ya kampuni zote mbili yameandikwa juu ya injini ileile moja, na hapo ubishi mwingi wa vijiweni unapaswa kwisha, ingawa hauishi.

Namba za injini hiyo zinapendeza kuzikumbuka: kipenyo cha silinda ni milimita 86, mwendo wa pistoni ni milimita 86, ujazo wote ni sentimita za ujazo 1,998, na nguvu iliyotajwa ilipotoka ni farasi 200 kwa mizunguko 7,000 kwa dakika. Gari lenyewe lina uzito wa kilo 1,200 na kidogo, kutegemea daraja na vifaa. Haya yote ni sawa kwa 86 na kwa BRZ, kama ilivyo giaboksi ya gia sita kutoka Aisin, tangi la lita 50, na viti viwili vya nyuma ambavyo mtu mzima hawezi kuvikalia kutoka Mwanjelwa hadi Uyole bila kulalamika.

Kabla sijafika kwenye tofauti, kuna jambo moja ambalo magazeti ya magari ya Ulaya na Japani hayana haja ya kulitaja, lakini sisi tunalo kila siku. Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ile ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hula hewa kama inavyoikuta, kwa hiyo zile farasi 200 za kwenye karatasi hapa kwetu zinakaribia 170, na ukipanda barabara ya Chunya au ukienda Njombe zinapungua tena. Injini hii, tena, ina bonde linalojulikana katikati ya mizunguko yake, kati ya 3,000 na 4,500 hivi, ambapo ukikanyaga mafuta unahisi gari limesita kabla ya kuendelea. Kwenye mwinuko wenye lori mbele na nafasi fupi ya kulipita, bonde hilo lina maana. Dereva lazima ashushe gia mapema, aivushe injini juu ya mizunguko hiyo, ndipo aamue. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaodhani mojawapo ya magari haya lina nguvu kuliko jingine. Halipo. Yatakupungukia kwa kiasi kilekile, mahali palepale, na anayetaka gari la kumsukuma mgongo kwenye kiti hapa milimani atafute lenye tabo, au ainunue Altezza ya zamani kwa bei ndogo na abaki na fedha za kuitengeneza.

Tofauti ya kweli iko chini, kwenye springi na shokapu. Wahandisi wa Subaru waliweka springi ngumu zaidi mbele na laini kidogo nyuma. Wa Toyota walifanya kinyume, wakalainisha mbele na kukaza nyuma. Kwa mtu ambaye hajawahi kulifikiria jambo hili, maelezo yake ni haya: gari linapoingia kwenye kona, uzito huhama kutoka upande wa ndani kwenda upande wa nje, na ule mwisho wa gari uliokazwa zaidi ndio hubeba sehemu kubwa ya uhamisho huo, kwa hiyo tairi zake ndizo hufika kikomo cha kushika barabara mapema. Ukikaza nyuma, mkia hutangulia kuteleza. Ukikaza mbele, pua ndiyo huanza kupitiliza kona, na dereva hupata onyo kupitia usukani kabla mambo hayajaharibika. Basi 86 ni gari linalougeuza mkia kwa urahisi na kwa furaha, wakati BRZ inaingia kona kwa utulivu na inataka kuombwa kidogo kabla ya kuuachia mkia wake. Yote mawili yana mfumo wa umeme wa kuzuia kuteleza, na yote mawili yanamruhusu dereva kuuzima.

Sasa tuzilete tabia hizo mbili kwenye barabara zetu. Barabara ninayoipita zaidi ni ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu. Inapanda kutoka Igawilo hadi Isongole, inaingia kwenye ukungu, kisha inateremka Kiwira kwenye mvua ambayo watu wa Rungwe wameizoea kiasi kwamba hawaihesabu kuwa habari. Lami inakuwa na maji kwa sehemu kubwa ya mwaka. Malori yanayokwenda na kutoka mpaka wa Malawi yanadondosha dizeli kwenye kona za kupanda, ambako tangi lililojaa humwagika kidogo. Na kwenye michepuko ya mashamba, matairi ya magari ya ndizi na majani ya chai huacha matope ambayo hukutarajia kuyakuta baada ya kona. Kisha kuna Kitonga, ambayo kila anayekwenda Dar es Salaam kwa barabara lazima aishuke, ikiwa na ukuta wa mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili, na msururu wa malori katikati. Katika mazingira hayo sitaki gari ambalo linafurahia kuutoa mkia wake nje. Nataka lile ambalo, likikosea, litakosea kwa pua na kunipa muda wa kuondoa mguu. Tofauti yenyewe ni ndogo, na dereva mtulivu anaweza kuishi miaka kumi na 86 bila kuiona hata mara moja. Lakini mtu anapochagua kati ya vitu viwili vinavyofanana karibu katika kila kitu, tofauti ndogo ndiyo yote aliyo nayo ya kupimia.

Niliiendesha 86 ya rafiki yangu kati ya Iringa na Mafinga siku ya jua, na BRZ ya jamaa mmoja wa hapa Mbeya nikaenda nayo Tukuyu manyunyu yakiwa yameanza. Nisingependa msomaji azipe safari hizo uzito mkubwa, maana barabara hazikuwa moja, hali ya hewa haikuwa moja, na zaidi ya yote shokapu hazikuwa na umri mmoja. Hili la shokapu linasahaulika sana. Gari lililotembea miaka kumi Japani na kuja kutembezwa kwenye rasta na matuta yetu limeshaondoka mbali na vipimo vya kiwandani, na tofauti kati ya shokapu nzima na iliyochoka ni kubwa kuliko tofauti yoyote ambayo Toyota na Subaru waliipanga. Nilichokigundua kwa uhakika ni kwamba usukani wa yote mawili ni mmoja, mdogo, wa haraka na mkweli. Kwamba unakaa chini sana, hata lori la Tunduma likikupita unatazama nati za magurudumu yake. Na kwamba furaha ya gari hili inapatikana kwenye mwendo ambao askari wa tochi hana la kusema. Hilo la mwisho kwangu ni hoja nzito. Kutoka Igurusi hadi Makambako kuna vijiji vingi vyenye vibao vya 50, na gari lenye farasi 400 njiani humo ni mateso ya kujizuia, wakati hili linakupa kazi ya mikono na miguu hata ukiwa kwenye 60.

Sehemu ya furaha hiyo inatokana na tairi. Daraja za juu zilitoka kiwandani na Michelin Primacy za 215/45R17, tairi ya kawaida kabisa, iliyowekwa hata kwenye Prius, gari la Toyota la kubana mafuta, na ilichaguliwa kwa makusudi ili kikomo cha gari kifikiwe kwa mwendo mdogo na kwa upole. Kwenye lami kavu uamuzi huo ni wa busara. Kwenye mteremko wa Kiwira wenye maji, tairi ya namna hiyo iliyokwisha nusu, au iliyokauka kwa uzee kwa kuwa gari lilikaa uani, inakuwa jambo jingine, na mnunuzi yeyote anapaswa kuitenga fedha ya tairi mpya nne kabla hajaitenga ya kitu kingine chochote.

Hapo ndipo nilipoanza kuzitazama daraja za chini, ambazo wanunuzi wengi huziruka. Toyota ilikuwa na daraja la G na daraja la RC, hilo la pili likiwa limepunguzwa vitu kiasi kwamba bampa zake zilitoka bila rangi. Subaru ilikuwa na R na RA. Hizi zilikuja na rimu za inchi 16 na tairi za 205/55R16, saizi ambayo utaipata katika duka lolote la tairi kuanzia Soweto ya hapa Mbeya hadi Mafinga, kwa sababu magari mengi ya kawaida yanaitumia. Ubavu wa tairi hiyo ni mrefu zaidi, na kwa barabara yenye mashimo huo ndio uhai wa rimu. Uvungu wa gari ni milimita 130 tu, nao hauongezwi na daraja lolote. Matuta marefu ya vijijini lazima uyapande kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, na barabara ya vumbi kwenda kwa wazazi kijijini usahau. Vijana wananicheka kwamba nimetafuta gari la michezo kisha nikalichagulia rimu ndogo. Waacheni wacheke, wao wananunua rimu za inchi 18 na kila masika wanazipeleka kunyooshwa.

Jambo ambalo lingepaswa kutangulia bei, nembo na rangi ni historia ya springi za valvu, zile ndogo za ndani ya injini zinazozirudisha valvu zifunge, si zile za chini ya gari. Mwezi Novemba 2018 Subaru iliyaita magari yapatayo 400,000 duniani yarudishwe kwa marekebisho, yakiwemo Impreza, Forester, BRZ na hata Toyota 86 zilizotengenezwa mwaka 2012 na 2013, kwa sababu springi za valvu zingeweza kukatika na kuizima injini barabarani. Kwenye injini ya boksa vichwa vya silinda viko ubavuni, vimebanana na bodi, kwa hiyo kazi hiyo inahitaji injini nzima ishushwe, ifunguliwe, kisha ifungwe upya na kuzibwa kwa silikoni. Baadhi ya injini ziliharibika baada ya marekebisho, kwa kuwa silikoni iliyopakwa kwa wingi ilidondoka ndani na kuziba njia za oili. Kwa hiyo kwa gari la miaka hiyo miwili kuna maswali mawili na si moja: kama kazi ilifanyika, na kama gari limetembea kilometa za kutosha baada ya kazi hiyo kuonesha kwamba ilifanyika vizuri. Namba ya chasisi, inayoanza na ZN6 kwa 86 na ZC6 kwa BRZ, inaweza kuingizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji huko Japani na ikakuonesha kama marekebisho bado yanadaiwa. Mimi niliamua kuiruka miaka hiyo kabisa. Si kwamba magari yote ya wakati huo ni mabaya, bali ni kwamba sijui fundi wa huku ambaye ningemwamini kuishusha injini hiyo kwa mara ya kwanza akijifunzia kwangu.

Mafundi wetu, kwa haki yao, wanaijua Subaru. Forester na Impreza zimejaa Mbeya, na wapo wanaoweza kukuambia kwa kusikia tu kwamba gasketi ya kichwa imeanza kuvuja. Lakini injini waliyoizoea ni ile ya zamani ya EJ, yenye mkanda wa taiming unaobadilishwa kwa kilometa, wakati hii, FA20, ina cheni. Fundi mmoja aliniambia nibadilishe mkanda mara gari likifika. Nikamshukuru na kuondoka. Kubadilisha plagi kwenyewe ni kazi ya kuvumilia, kwani mkono unaingia kwa shida kati ya injini na chasisi. Oili yake ni nyepesi, 0W-20, na si vizuri kukubali nzito iliyopo dukani kwa hoja kwamba ndiyo inayofaa magari yote. Mlio kama wa nyenje unaosikika gari likiwa limesimama na injini ikiunguruma mara nyingi hutoka kwenye pampu ya petroli ya presha kubwa, nao peke yake si dalili ya kifo cha injini, ingawa muuzaji akikuambia kila mlio ni wa pampu usimwamini pia.

Upande wa vipuri kuna mambo ya kuchekesha. Watu huniambia nichukue 86 kwa sababu spea za Toyota ziko kila kona. Ni kweli ziko kila kona, za Corolla, za Noah na za Mark X. Vipuri vingi vya 86 vina namba zinazoanza na SU003, ambazo ndizo alama kwamba Toyota inavichukua kwa Subaru, na muuza duka wa Kabwe hana hata kimoja kwenye rafu. Kipuri kilekile kina namba nyingine katika orodha ya Subaru, na bei mbili hizo hazilingani kila mara, kwa hiyo mwenye gari lolote kati ya haya anapaswa kuwa na namba zote mbili kabla hajampigia mtu wa Kariakoo au kuagiza nje. Tofauti inabaki kwenye bampa ya mbele, taa na mafenda ya mbele, ambavyo si vya kubadilishana tu hivihivi. Na kwa kuwa 86 ziliuzwa nyingi kuliko BRZ, bampa ya mtumba ya 86 ni rahisi kupatikana. Hapo BRZ imeshindwa, na nalikubali hilo.

Wingi huo wa 86, hata hivyo, una upande wake wa pili. Kwenye minada ya Japani 86 nyingi zimeshapita mikononi mwa watu wa mchezo wa kutelezesha mkia na wa viwanja vya mbio, zikiwa zimeshushwa, zimewekewa silensa kubwa na shokapu za kurekebishwa, kisha zimerudishiwa za kiwandani siku chache kabla ya kuuzwa. BRZ nazo zipo za namna hiyo, lakini nilipokuwa nikipitia karatasi za mnada niliona kwamba BRZ zilizobaki kama zilivyotoka kiwandani zilikuwa rahisi kupatikana kati ya chache zilizokuwepo. Yafaa pia kujua kwamba herufi R kwenye kisanduku cha alama ya mnada ina maana ya gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa, na haina uhusiano wowote na daraja la R la BRZ; mtu anayesoma karatasi hiyo kwa haraka kwenye simu anaweza kulikimbia gari zuri au, vibaya zaidi, kulinunua bovu.

Kizazi cha pili, yaani GR86 na BRZ mpya zilizotoka mwaka 2021, nilikitazama kwa heshima na kukiacha. Injini yake, FA24, ina ujazo wa 2,387, ina farasi 235 kwa toleo la Japani, na lile bonde la katikati limefukiwa, kwa kuwa msokoto wake wa juu, yaani nguvu ya kuzungusha, wa newtonimita 250 unapatikana mapema, kwenye mizunguko 3,700. Kwa kimo chetu hiyo ndiyo injini hasa. Humo pia kampuni mbili hizo ziliachana kwa upana zaidi kuliko mwanzo: springi za GR86 ni newtoni 28 kwa milimita mbele na 39 nyuma, za BRZ ni 30 mbele na 35 nyuma, stebilaiza ya nyuma ya GR86, ile nondo inayolizuia gari kulala kwenye kona, ni nene zaidi, milimita 15 dhidi ya 14, na imefungwa mahali pengine, na kiungo kinachoshika gurudumu la mbele ni cha aluminiamu kwa BRZ na cha chuma kwa GR86. Tabia ni zilezile za kizazi cha kwanza, zimekolezwa tu. Lakini kodi haina huruma na sentimita za ujazo. Kwa mpangilio wa ushuru wa bidhaa tuliouzoea, gari linalozidi 1,000 lakini lisilozidi 2,000 hutozwa asilimia 5 na linalozidi hapo asilimia 10, kwa hiyo ile 1,998 ya kizazi cha kwanza imepita chini ya mstari kwa sentimita mbili tu. Ipo pia tozo ya uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi na asilimia 30 kwa lililozidi kumi, nayo huila faida ya kununua gari la mwaka 2012 kwa bei ya chini. Viwango huguswa kila bajeti ya Juni, hivyo kabla ya kutuma fedha ni lazima kuingia kwenye kikokotoo cha TRA na kuweka mwaka na ujazo wa gari lenyewe.

Kuhusu kuliuza baadaye, 86 itauzika haraka hapa Mbeya kwa sababu jina la Toyota linatosha kumtuliza mnunuzi. BRZ ina tatizo la kipekee: watu wakiona nyota za Subaru wanadhani gari linavuta kwa magurudumu yote manne, na nimeshaulizwa na mtu mzima mwenye busara zake kama litapanda hadi Kitulo wakati wa mvua. Halitapanda. Linasukuma kwa magurudumu ya nyuma tu, sawa na 86, na atakayelinunua kwangu nitamweleza hivyo kabla hajatoa fedha.

Rafiki yangu wa Iringa bado anadai nimechagua gari la mzee. Yeye anaishi katika mji unaopenda mbio za magari, ambako mashindano ya Mkwawa huwavuta watu barabarani, na hupata nafasi ya uwanja uliofungwa wa kuchezea mkia wa gari lake bila kumhatarisha mtu. Kwa matumizi hayo 86 ni bora, nami ningekuwa yeye ningeichukua bila kuiendesha BRZ hata mara moja. Anasema vilevile kwamba springi ni kitu cha kununua, na kwamba kwa fedha kidogo naweza kuigeuza 86 iwe na tabia za BRZ, na yeye akaigeuza yake vyovyote atakavyo. Ni kweli. Lakini springi hizo zingelazimika kuagizwa, kulipiwa, na kufungwa na mtu anayejua kupima pembe za magurudumu baada ya kuzifunga, na kwa nini nianze kulipia kitu ambacho gari jingine linakuja nacho?

Niliyoiagiza ni BRZ ya baada ya mabadiliko ya mwaka 2016, wakati injini ya gia za mkono ilipoongezewa hadi farasi 207. Ni ya daraja la R, ina rimu za inchi 16, na karatasi ya mnada haioneshi kitu kilichobadilishwa chini. Kwa kuwa vifaa vilitofautiana kati ya daraja na daraja, nilimtaka wakala apige picha za uvungu ili niithibitishe difu ya Torsen, ile inayozuia gurudumu moja la nyuma kuzunguka bure, kwa macho badala ya kuisoma kwenye tangazo, naye akazituma. Bima kubwa itakatwa kuanzia siku inapotoka bandarini, kwani safari yake ya kwanza nchini ni kuipanda Kitonga, na tairi nne mpya za 205/55R16 zinaingojea Dar es Salaam ili ipande nazo.